A-Huo na Antena Sitini na Nne za Barabara ya Hekalu

Shemeji yangu Shih Mu-huo, ambaye mji mzima unamwita A-Huo, ameanguka kutoka juu ya mapaa kumi na moja katika maisha yake, na ukinimiminia chai naweza kukutajia moja baada ya jingine, mwaka wake na kilichovunjika. Mara nyingi kilichovunjika si yeye. Mwili wa yule bwana umejengwa kama gunia la mchele: ukianguka, unakaa.

Mimi ndiye niliyemwozesha dada yangu. Nasema mapema ili usije ukayasikia kwa wengine yakiwa yamepindishwa. Walikuja wanaume watatu: mmoja mwalimu, mmoja mwenye mashua mbili za chaza, na A-Huo, ambaye kusema kweli alikuja kurekebisha televisheni tu. Baba aliniuliza mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na akili pale nyumbani. Shule niliacha darasa la sita, si kwa ujinga. Mwalimu aliishiwa na vitu vya kunifundisha. Nikatoka nje, nikamwona A-Huo juu ya paa letu akigeuza ile antena yenye umbo la mifupa ya samaki, mvua inampiga, na ndani picha ikatulia tukatazama besiboli mpaka mwisho. Nikamwambia baba, huyu. Dada yangu hajanisamehe sawasawa mpaka leo, lakini mwalimu yule alikuja kuwa mlevi na mashua zote mbili zilizama. Sasa nani alikuwa na macho?

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya A-Huo hapa Kangbue kwa miaka mingi. Anapanda, anageuza mifupa ya samaki kidogo kidogo, na mwenye nyumba yuko ndani anapiga kelele: bado, bado, rudi kidogo, hapo hapo. Kila nyumba ilikuwa na upande wake. Alizijua zote kwa kichwa, kama mtu anavyojua majina ya wajukuu. Ikaja televisheni ya waya, akakaa mwaka mzima anasuka nyavu na kununa. Halafu zikaja simu za mkononi, na kampuni moja ya simu ikawa inatafuta watu wa kufunga mitambo juu ya nyumba, watu wasioogopa kupanda. A-Huo haogopi kupanda. Kinachomshinda ni kushuka.

Mwaka huu ana miaka sitini na moja. Mwakani anastaafu. Na alikuwa na haja moja tu, akaisema mezani kwangu akiwa hajanywa hata kikombe: kabla hajaweka chini mkanda wake wa kupandia, mji huu uone picha ya Mama ikitembea kwenye simu bila kusimama.

Mama ni Mama Mazu, mungu wa kike wa bahari, wa hekalu letu. Kila mwezi wa tatu wa kalenda ya zamani anatoka, sanamu yake inabebwa kwenye machela kwenda kutembelea mahekalu ya jirani, na siku ya tatu anarudi. Anapotoka na anaporudi, watu wanapiga magoti katikati ya Barabara ya Hekalu, mmoja nyuma ya mwingine, paji la uso chini, mstari kutoka mlango wa hekalu mpaka daraja la mfereji. Machela yanapita juu ya migongo yao. Mwenye mgonjwa, mwenye mtihani, mwenye mimba isiyokuja, wote wamo. Siku hizi vijana wetu wako viwandani Hsinchu, wako Kaohsiung, wako ughaibuni, kwa hiyo kila aliyepiga magoti anashika simu juu ya kichwa ili mtoto wake naye aone machela yakipita. Watu mia tano, simu mia tano, dakika ile ile. Na kila mwaka, machela yakifika tu, picha zote zinaganda. Unaona goti la mbebaji, basi. Mwaka mzima unakaa na goti.

A-Huo alikuwa anaumwa na jambo lile kama mtu mwenye jino bovu. Kwa hiyo kampuni ilipoleta sanduku jipya, akalipigania liletwe kwetu kabla halijaenda mjini. Ni sanduku jeupe, bapa, ukubwa wa mlango wa kabati la nguo, na ndani yake mna antena ndogo sitini na nne. Alinieleza mara tatu na mimi nilielewa mara ya kwanza, ila nilimwacha aendelee kwa adabu. Antena ya zamani, alisema, ni kama muuza supu mwenye mkono mmoja: watu mia wanangoja, anampa huyu kijiko, anampa yule kijiko, na wa mwisho anakufa njaa. Hili jipya lina masikio sitini na manne. Simu yako inalia kidogo, lenyewe linasikia kilio kimetokea upande gani, halafu linakurushia supu yako moja kwa moja mdomoni, na wakati huo huo linamrushia mwenzako ya kwake upande mwingine, bila supu zenu kuchanganyika.

Shida ilikuwa mahali pa kuliweka. Mwenyekiti wa kamati ya hekalu ni Mzee Ting Wang-sheng, mtu mnyoofu sana, ambaye hata akikaa kwenye kiti laini anakaa kama yuko mahakamani. Alikubali liwekwe juu ya mnara wa ngoma, pale hekaluni, kwa masharti mawili. La kwanza, sanduku litazame anakotazama Mama, yaani moja kwa moja chini ya barabara, kwa sababu hakuna kitu kitakachokaa juu ya hekalu kikawa kinachungulia madirisha ya majirani wakati Mama mwenyewe anaangalia njia. La pili, likishindwa, A-Huo atatozwa mchezo.

Mchezo ndio adhabu yetu tangu zamani. Ukiiba chaza kwenye miti ya kufugia ya mwenzako, ukiharibu cha watu wote, unalipia mchezo wa vikaragosi vya mkono mbele ya hekalu. Jina lako na kosa lako vinaandikwa kwenye karatasi nyekundu langoni, na kabla mchezo haujaanza, kikaragosi kimoja kinatoka na kuyasema kwenye vipaza sauti, kwa sauti inayofanana na yako. Yuko bwana mmoja alisogeza miti ya chaza hatua nne, miaka ishirini na kitu iliyopita. Mpaka leo akiingia kunyolewa, kinyozi anamuuliza kama kiti asogeze kidogo.

A-Huo akakubali masharti yote. Injinia wa kampuni, binti mmoja anaitwa Chiu Pei-hsuan, alikunja uso alipoona sanduku linavyotazama, lakini hapakuwa na paa lingine lililotolewa, akasaini. Wakalijaribu siku ya soko, watu wamezagaa uwanjani huku na huko, huyu kwa samaki, yule kwa kabichi. Picha zilitembea kama maji. A-Huo akatembea siku nzima ameweka mikono nyuma, anajibu salamu kwa kichwa tu. Mimi nilimwambia asubiri. Yeye anadai sikumwambia.

Siku ya Mama kutoka ikafika. Mimi nilikuwa kwenye mstari, nyuma ya Chuang muuza tofu, A-Huo yuko juu ya mnara wa ngoma karibu na sanduku lake, amevaa shati jipya. Fataki zikalia, machela yakatoka, simu mia tano zikanyanyuliwa. Na zikaganda zote mia tano. Yangu ilimgandisha wifi yangu wa Taichung akiwa anapiga chafya. Lakini aliyepatikana zaidi ni Bibi Liao, mwenye miaka themanini na mitatu, aliyekuwa anaongea na mwanawe Kaohsiung. Alinyanyua uso kusema neno, picha ikasimama hapo hapo, macho juu, mdomo wazi. Mwanawe alitazama hivyo dakika nne, halafu akapiga simu zimamoto, ambao kwetu ndio hubeba wagonjwa. Gari la wagonjwa likaja na king'ora katikati ya maandamano, wakamtafuta marehemu, wakamkuta marehemu anakula soseji.

Mzee Ting alimngoja A-Huo chini ya ngazi. Hakupaza sauti. Alimwambia, "A-Huo, Mama anarudi keshokutwa. Picha zikisimama tena, sanduku linashuka na vikaragosi vinapanda."

A-Huo alikuja kwangu hana rangi. Dada yangu alimwekea wali, hakugusa. Alisema hajali kustaafu bila sherehe, hajali hata sanduku, lakini kikaragosi kikisema kwa sauti yake mbele ya mji mzima kwamba Shih Mu-huo aliwanyima watu Mama yao, atahamia mlimani akalime kabichi. Na shemeji yangu hajui kulima kabichi. Angekufa.

Injinia Chiu naye akaja, akafungua kompyuta yake katikati ya vikombe vya chai. Akatuonyesha vidoa, kila simu kidoa chake. Siku ya soko vilikuwa vimetawanyika kama ufuta juu ya mkate. Siku ya Mama vilikuwa vimerundikana sehemu moja, kidoa juu ya kidoa. A-Huo akauliza kama ni ubovu. Binti akasema sanduku ni zima kabisa.

"Mjomba, linawatenganisha watu kwa upande wanakotokea," alisema. "Sasa toka pale juu ya mnara, mstari ule wote unatokea upande mmoja. Ukimrushia wa mbele, umemrushia na wa nyuma. Wamekuwa mtu mmoja mwenye simu mia tano."

Nikamwambia ndicho nilichokuwa nakiona tangu asubuhi. Nilikuwa kwenye mstari, na mbele yangu nilimwona Chuang muuza tofu, tena upande wake wa nyuma tu. Sikumwona hata mmoja kati ya waliomtangulia. Lakini kama ningekuwa nimesimama pembeni, mlangoni kwa kinyozi, ningewaona wote mmoja mmoja, hadi aliyesinzia. Sanduku lihamie pembeni, katikati ya barabara, juu. Injinia anasema hilo alikuwa ameshalichora kwenye kompyuta kabla hajafika kwangu. Sawa. Yeye alilichora kwenye kompyuta, mimi nililisoma kwenye matako ya Chuang, na mwenye kusoma kwenye kitu kigumu zaidi anajulikana.

Kikaja kipingamizi chenyewe. Pembeni mwa Barabara ya Hekalu, katikati, nyumba ni za bati, chini chini, nyaya za umeme zimepita mbele yake. Nyumba ndefu iko moja tu, ya ghorofa tatu, yenye paa la saruji. Injinia akaiwekea kidole kwenye ramani, akauliza ya nani.

Mimi na dada yangu tukamtazama A-Huo. A-Huo akatazama wali.

Ni nyumba ya Bi Kuo Yueh-e, mpika kimanda cha chaza. Katika yale mapaa kumi na moja, lake ni la saba. Wakati ule alikuwa bado ana kibanda cha bati, A-Huo akaenda kumgeuzia antena, bati likaachia, akashuka na kukalia beseni zima la chaza waliokwisha menywa. Hilo Bi Yueh-e alilisamehe. Alimpa hata taulo. Asichosamehe ni kilichofuata. Watu walipomcheka A-Huo njiani, akajitetea kwamba harufu ile si yake, ni ya chaza wa Yueh-e, walikuwa wameshalala siku mbili. Maneno ya mzaha tu. Lakini kumwambia mpika chaza wa Kangbue kwamba chaza wake wamelala ni kama kumwambia mtu mtoto wake si wake. Miezi miwili hakuuza hata sahani. Tangu siku hiyo ni miaka ishirini na sita, na hawajasemezana. Barabara ina upana wa hatua tisa, na A-Huo akipita pale hupita upande wa pili, anatazama juu kama anakagua mawingu.

A-Huo akasema lazima tupate paa lingine. Na tena sanduku haliwezi kuondoka hekaluni bila ruhusa ya Mama mwenyewe, kwa hiyo tukamuulize, huenda akatupa wazo.

Asubuhi yake tukaenda hekaluni, kamati yote imekaa, Mzee Ting amenyooka kama nguzo. Mama mwenyewe alikuwa safarini, lakini sanamu yake ya pili hubaki nyumbani, haliachwi hekalu tupu. A-Huo akapiga magoti, akachukua vile vibao viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, bapa huku, vimebinuka kule. Ukivirusha, kimoja kikalala chali na kingine kifudifudi, Mama amekubali. Vyote vikibinuka juu, amekataa. Vyote vikilala chali, bapa juu, Mama anacheka: ama hujauliza sawasawa, ama anakujua vizuri. Na kwa jambo zito anatakiwa akubali mara tatu mfululizo.

A-Huo akataja jina lake, anuani yake, akauliza kama sanduku lihamishwe. Vibao vikalala chali vyote. Mama anacheka.

Akauliza kama liwekwe kwenye paa la shule. Vyote vikabinuka. Hapana.

Akauliza kama liwekwe kwa kinyozi, kwenye nguzo ndefu. Mama akacheka. Kwenye ghala la chama cha wavuvi? Akacheka. Wajumbe wa kamati walianza kusogeza viti mbele. Bibi Liao, marehemu wetu, alikuwa amekuja kufukiza ubani, akakaa chini kabisa, akatoa mbegu za alizeti. A-Huo jasho linamtoka. Akauliza kwa sauti ndogo sana, kama kwenye paa fulani la saruji la ghorofa tatu. Vibao vikadunda, vikazunguka, vikalala chali vyote viwili.

Nikainama sikioni kwake. "Shemeji, anakungoja umalizie."

"Nimalizie nini?"

"Unakijua."

Akaviokota vibao, akavipangusa kwa shati. Nimemwona A-Huo akipanda nguzo kwenye upepo wa kimbunga, sijawahi kumwona anaogopa vile. Mwishowe akasema, safari hii kila mtu alisikia, kwamba kama Mama anaridhia sanduku likae juu ya nyumba ya Kuo Yueh-e, yeye Mu-huo atakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, akaombe msamaha wa yale maneno ya chaza. Akarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Akarusha tena. Hivyo hivyo. Mara ya tatu alifumba macho, na alijua jibu kwa kelele za Bibi Liao.

Mzee Ting akasema sharti la sanduku kutazama anakotazama Mama limeondolewa na Mama mwenyewe, na yeye hawezi kuwa mkali kuliko Mama. Lakini mchezo wa vikaragosi uko pale pale.

Tukaenda moja kwa moja. Nusu ya kamati ilikumbuka ghafla kwamba haijanywa chai, na njia ya kwenda kwenye chai ikapita kwa Bi Yueh-e. Alikuwa mbele ya kikaango chake, mwanamke wa miaka sabini, mikono kama ya mpiga makasia. Hakugeuka.

A-Huo akasema, "Dada Yueh-e, nimekuja kwa habari ya chaza."

"Sahani ngapi?"

"Sijaja kula. Nimekuja kwa yale niliyosema."

"Mimi nimezeeka, nimesahau. Ulisema nini?"

Akajua amenaswa. Watu walikuwa wameshajaa mpaka katikati ya barabara. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, kwamba alisema wananuka.

"Nani ananuka?"

"Mimi," A-Huo akasema. "Nilikuwa nanuka mimi. Chaza walikuwa wazima, wa asubuhi ile ile. Nilikuwa naogopa kuchekwa, nikakutupia wewe. Nisamehe."

Bi Yueh-e akageuza kimanda, akakibonyeza na upawa mpaka kikalia. Akasema msamaha mkavu hauliki. Akamvutia kiti, akakiweka sio ndani kwenye wateja, bali nje kabisa ukingoni mwa barabara, uso kwa wapita njia. Nikakumbuka kwamba A-Huo tangu anguko lile hajawahi kumeza chaza hata mmoja. Harufu tu inamtoa machozi. Alikula sahani nne. Kila aliyepita, Bi Yueh-e alimuuliza A-Huo kwa sauti chaza wa leo wakoje, naye anajibu, machozi yanamtoka, kwamba ni wazuri ajabu, na watu wakasema tazama, mpaka analia kwa utamu. Siku hiyo aliuza mpaka unga ukaisha. Mimi nilikula sahani mbili, kwa ajili ya ushahidi.

Alipomaliza ya nne, Bi Yueh-e akamtupia ufunguo wa ngazi za juu. "Na usiniangukie tena," akasema. "Safari hii chini yako kuna saruji."

Injinia alikuwa ameshaongea na wakubwa zake, wakampa kibali cha siku chache, kwa majaribio. Jioni ile hadi jua kuzama, na kesho yake tangu alfajiri, A-Huo na mafundi wawili walishusha sanduku kutoka mnarani, wakalipandisha kwa Bi Yueh-e, wakavusha waya juu ya barabara, wakaligeuza litazame mstari kwa ubavu, kutoka mlango wa hekalu hadi daraja. Mimi nilisimamia. Kusimamia nako ni kazi. A-Huo aligeuza kidogo kidogo, kwa mkono, kama zamani, na Injinia Chiu yuko chini na kompyuta yake anapiga kelele: bado, Mjomba, bado, rudi kidogo. Watu wa makamo waliokuwa wakipita walisimama, wakatabasamu bila kujua kwa nini.

Lakini kompyuta ni kompyuta. Mstari wenyewe haukuwepo bado, na hakuna njia ya kuwapigisha watu mia tano magoti kwa majaribio. Ingejulikana Mama akirudi.

Mama akarudi saa nane mchana. Mstari ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza, kwa sababu wa vijiji vya jirani walikuja kuona kama A-Huo ataaibika. Injinia alikuwa juu anatazama vidoa vyake. Anasema vilijipanga vizuri, kama shanga kwenye uzi, kila kimoja na nafasi yake. A-Huo hakutosheka na vidoa. Maisha yake yote alijua kwamba picha imetulia kwa kusikia mtu aliye ndani ya nyumba akisema hapo hapo. Akashuka ngazi mbio, bila kuanguka, jambo ambalo peke yake lingestahili kuandikwa, akaingia barabarani akaanza kukimbia kando ya mstari, anainama kwa kila mtu: inatembea? Inatembea? Na wao paji la uso liko chini, wanaomba, hawamjibu. Bibi mmoja alimpiga na feni ya karatasi.

Huku nyuma ngoma zikakaribia. Watangulizi wa machela wakapita, wakamkuta mtu mzima amesimama katikati ya njia. Hakuna anayesimama mbele ya Mama. Mmoja wao akambonyeza bega, A-Huo akaenda chini pale pale alipokuwa, kwenye nafasi ndogo kati ya Mzee Ting na mimi. Ndiyo, Mzee Ting hupiga magoti kila mwaka machela yakirudi, na mimi niko nyuma, kwa hiyo usifikiri haya nimesimuliwa.

A-Huo alikuwa hajawahi kuwa kwenye mstari. Miaka yote anakuwa juu ya paa la mtu. Hakujua hata mikono iwekwe wapi. Akatoa simu, akampigia binti yake, Hsiu-man, ambaye yuko Hsinchu kiwandani, akainyanyua juu ya kichwa jinsi alivyoona wengine wanafanya. Ila aliifungulia sauti mpaka mwisho, maana sikio lake moja limekufa.

Machela yakaja. Kivuli kikanipita, udi ukanijaa puani, pindo za hariri zikaniparura shingo. Sikusikia hata mtu mmoja akilalamika mbele wala nyuma. Ila sikujua kama ni kwa sababu picha zinatembea au kwa sababu watu wanaomba. A-Huo naye hakujua. Nilimsikia anamuuliza Mama kwa kunong'ona, inatembea?

Na sauti ya Hsiu-man ikatoka kwenye simu, safi, kubwa, kama amekaa katikati yetu.

"Baba, naona kila kitu. Nimeona mpaka nyuzi za pindo." Kisha akaongeza, "Baba, mwambie huyo mzee aliye mbele yako suruali yake imepasuka nyuma. Ana chupi ya maua."

Sasa ngoma zilikuwa zimeshapita, na barabara ilikuwa kimya kama darasa. Mstari mzima ukasikia. Kutoka simu nyingine, mbele na nyuma, nikasikia vicheko vya Kaohsiung, vya Taipei, na kimoja cha mbali zaidi, kwa sababu watoto wa watu walikuwa wanatazama na kusikia bila kukatika.

Mzee Ting akainuka. Alichukua muda wake. Mkono mmoja ukaenda nyuma ukabaki huko. Alinyooka kama kawaida yake, akatuangalia sisi tuliokuwa bado chini, akamwangalia A-Huo, ambaye alikuwa amekumbatia simu kifuani na ametoa macho.

"Ni maua gani?" Mzee Ting akauliza simu.

"Peoni, Babu," Hsiu-man akajibu, kwa adabu. "Nyekundu. Nadhani tano."

Hakuna namna ya kubisha na peoni tano.

"Sanduku libaki kwa Yueh-e," akasema. "Vikaragosi viambiwe visije." Halafu akaondoka kinyumenyume mpaka kwenye lango la hekalu, uso kwetu, na watu wote tukampisha kwa heshima, mpaka Chuang muuza tofu aliposhindwa kujizuia kucheka.